Gregg Alexander hakuacha muziki, aliacha kuuza sura

Tarehe 12 Julai 1999 kundi la New Radicals la Marekani lilitangaza kuwa limevunjika. Albamu yake ilikuwa haijatimiza hata miezi tisa sokoni, wimbo wake mkubwa, You Get What You Give, ulikuwa bado unapigwa redioni, na kampuni ya MCA ilikuwa katika maandalizi ya kutoa wimbo wa pili. Gregg Alexander, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 29 na ambaye kwa hakika ndiye aliyekuwa kundi lenyewe, alieleza kwamba amechoshwa na safari, na kulala kwa muda wa saa tatu tu katika hoteli tofauti kila usiku, na kujipendekeza kwa watu wa redio na wa maduka ya muziki. Akaongeza jambo ambalo waimbaji hawana kawaida ya kulikiri: kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akipanda jukwaani na kofia ili watazamaji wasiuone uso wa mtu ambaye hamu imemwisha. Kuanzia hapo, alisema, angetunga na kutayarisha nyimbo za wengine.

Tangu siku hiyo kisa chake kimekuwa kikisimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaomweka katika orodha ya wasanii wa wimbo mmoja, wale ambao umaarufu uliwapitia kama mvua ya msimu na kuwaacha palepale ulipowakuta. Wapo pia wanaomfanya mtakatifu, msanii msafi aliyeigeuzia biashara kisogo wakati biashara ilikuwa ikimwita kwa jina. Nadhani simulizi zote mbili zinapotosha, na ya pili inapotosha zaidi kwa sababu inapendeza kuisikia. Alichokifanya Alexander ni kutenganisha kazi mbili ambazo kampuni za muziki huziuza kama kazi moja, yaani kutunga wimbo na kuwa sura ya wimbo. Aliibakiza ya kwanza na kuitua ya pili. Uamuzi huo ulikuwa na hesabu nzuri nyuma yake, na ulikuwa na hasara pia, lakini hasara hiyo haiko pale inapotafutwa siku zote.

Kwanza ni lazima tukubaliane kwamba albamu iliyoitwa ya kwanza haikuwa ya kwanza. Alexander alizaliwa mwaka 1970 huko Grosse Pointe, kitongoji cha Detroit katika jimbo la Michigan, akalelewa katika familia ya Mashahidi wa Yehova, na akiwa bado kijana alikwenda California kutafuta mkataba. Aliupata. Mwaka 1989 kampuni ya A&M ilitoa albamu yake iitwayo Michigan Rain, iliyotayarishwa na Rick Nowels, mtu ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ameshika usukani wa kibao kikubwa cha Belinda Carlisle. Albamu hiyo ilizama. Mwaka 1992 kampuni ya Epic ilijaribu tena kwa albamu ya Intoxifornication, ambamo baadhi ya nyimbo za ile ya kwanza zilirudishwa kana kwamba hazijawahi kutoka, nayo ikazama. Mwaka 1994 alitayarisha albamu ya Danielle Brisebois, aliyekuwa amejulikana Marekani nzima tangu utotoni kama mwigizaji wa televisheni, na soko halikuipokea hiyo pia.

Kwa hiyo mwaka 1998, MCA ilipolitoa jina la New Radicals kama kitu kipya kabisa, nyuma ya jina hilo alikuwapo mtu mwenye karibu miaka kumi ya kushindwa. Jina la kundi lilikuwa nguo safi. Wanamuziki waliingia na kutoka. Waliodumu ni Alexander na Brisebois. Biashara ya muziki hupenda sana neno la mwanzo, kwa sababu mwanzo hauna deni: redio haina kumbukumbu ya wimbo wako uliokataliwa, na mwandishi wa magazeti anaweza kutumia maneno kama kipaji kinachochipuka bila kuona haya. Lakini msanii mwenyewe kumbukumbu anayo. Mtu aliyekwisha kuona kampuni mbili zikimshangilia mwezi huu na kutopokea simu zake mwezi unaofuata hawezi kuipokea shangwe ya kampuni ya tatu kwa moyo wa mtoto. Wengi wanashangaa jinsi alivyoondoka mapema. Kwa hesabu yangu alikuwa amekaa miaka kumi.

Albamu yenyewe, Maybe You've Been Brainwashed Too, ilitoka tarehe 20 Oktoba 1998 ikiwa na nyimbo 12, na Alexander ndiye mtayarishaji wake. Wimbo wa You Get What You Give unafaa kusikilizwa kwa makini, hata na wale wanaodhani wanaujua kwa moyo. Una urefu wa dakika tano, jambo ambalo peke yake lilikuwa ubishi, kwa kuwa wakati ule redio za Marekani zilipendelea nyimbo za dakika tatu na nusu au nne. Unaanza kwa kuhesabu, kama bendi iliyoko mazoezini, kisha piano na gitaa vinaingia kwa pamoja vikiwa na mwendo wa kusukuma mbele ambao hauachii hadi mwisho. Sauti ya Alexander ni ya kukwaruza, na wakosoaji waliifananisha na ya Mick Jagger, lakini kila kiitikio kinapokaribia inapanda na kuwa nyembamba, sauti ya juu ya mtu ambaye hana hakika kama atafika. Humo ndimo ulimo uzuri wa wimbo. Maneno yake yanamtia moyo kijana aliyekata tamaa, na maneno ya namna hiyo yakiimbwa kwa sauti iliyotulia huwa ni hotuba tu. Yakiimbwa na sauti inayohangaika, msikilizaji anasadiki kwamba anayemtia moyo naye anauhitaji moyo huohuo.

Halafu inakuja dakika ya mwisho. Alexander anaanza kuorodhesha: kampuni za bima ya afya, mamlaka ya chakula na dawa, mabenki makubwa. Mara anageuka na kuwataja wanamuziki kwa majina manne, Beck, Hanson, Courtney Love na Marilyn Manson, kwa dhihaka na kitisho cha utani. Baadaye alieleza kwamba ule ulikuwa mtego: alitaka kuona vyombo vya habari vitashika lipi, mambo ya bima na benki yanayowagusa watu wote, au majina manne ya watu maarufu. Jibu lilikuja upesi. Manson alisema hadharani kwamba akikutana naye atampasua fuvu, akaongeza kwamba kilichomuudhi hasa ni kuwekwa sentensi moja na Courtney Love. Magazeti yalikuwa na habari ya wiki nzima, na kampuni za bima hazikuulizwa swali hata moja.

Mashabiki hulisimulia jambo hilo kama ushahidi wa werevu wake. Mimi naliona kama mtego uliomnasa mtegaji. Alithibitisha hoja yake, ndiyo, lakini kwa kuithibitisha alijihukumu kwenda kituo kimoja cha redio baada ya kingine, mji mmoja baada ya mwingine, akiulizwa habari za Manson na Hanson. Mwimbaji aliyetaka kuzungumzia jinsi watu maarufu wanavyotumika kuficha mambo mazito alijikuta yeye mwenyewe ni mtu maarufu anayetumika kwa shughuli ileile. Sidhani kwamba kuna namna mbaya zaidi ya kuchoka.

Video ya wimbo huo ilikuwa imeyasema yote kabla ya wakati. Ilipigwa katika jengo kubwa la maduka huko Staten Island, New York, na Alexander, akiwa na kofia yake ya kitambaa yenye ukingo ulioinama, anawaongoza vijana kufanya fujo: wanawafungulia wanyama wa duka la wanyama, wanawatupia nyavu walinzi na watu wenye suti, na wengine wanafungiwa katika vizimba vya wanyama. Alilichagua jengo la maduka kwa sababu aliliona ni mfano wa jamii iliyopangwa ili watu watumie fedha. Video hiyo ikapelekwa kwenye vituo vya televisheni, ikarushwa kati ya tangazo moja la biashara na jingine, ili watu waende kwenye majengo kama hayo kununua albamu ya New Radicals.

Kuhusu nyimbo nyingine kumi na moja, wenye mapenzi huzipandisha mno. Albamu haina usawa. Someday We'll Know, aliyoitunga pamoja na Brisebois na Debra Holland, ni wimbo wa kuachwa uliosimama imara kiasi kwamba umeimbwa na watu wa aina mbalimbali bila kuvunjika: Mandy Moore na Jon Foreman waliuimba kwa ajili ya filamu mwaka 2002, kisha kundi la watu wawili la Hall & Oates wakaurudia wakiwa na Todd Rundgren, na hao watatu ni miongoni mwa watu ambao Alexander alikuwa amejifunza kwao waziwazi. Mother We Just Can't Get Enough inafungua albamu kwa nguvu. Lakini zipo sehemu ambazo anapiga kelele pale ambapo angeimba, na sehemu ambazo hasira yake dhidi ya dunia ina sauti ya kijana wa miaka kumi na saba ingawa mwenye hasira ana miaka ishirini na minane. Hata hivyo fujo hiyo ndiyo inayoitofautisha na albamu nyingine za pop na roki za mwaka ule, ambazo nyingi zilisafishwa hadi zikapoteza harufu. Unasikia mtu mmoja anayetaka kusema mambo mengi mno katika muda aliopewa, na ambaye hakuna mtu chumbani wa kumwambia apunguze.

Soko liliipokea vizuri kuliko inavyokumbukwa. Wimbo mkuu ulifika nafasi ya 36 katika chati kuu ya Marekani, nafasi ya 5 Uingereza, na ya 1 Canada, na albamu ikatunukiwa hadhi ya platinamu Marekani, ambayo maana yake ni nakala milioni moja zilizosambazwa. Kwa kampuni, hizo ni namba za msanii anayestahili kusukumwa zaidi, na kusukumwa maana yake ni kusafirishwa.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu malalamiko ya Alexander kuhusu watu wa redio yamekuwa yakichukuliwa kama deko la msanii. Hayakuwa deko. Sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja inaweza kuvimiliki nchini kote, kikomo ambacho kilikuwa vituo 40. Miaka michache baadaye kampuni ya Clear Channel peke yake ilikuwa na zaidi ya vituo 1,000. Maamuzi ya nini kipigwe, ambayo zamani yalitawanyika kwa mamia ya watangazaji, yaliangukia mikononi mwa wapanga vipindi wachache, na kila mmoja wao alitarajia kushikwa mkono, kupigwa picha na msanii, na kupata onyesho la bure la kituo chake. Upande wa pili, Desemba 1998 mmiliki wa Universal, kampuni mama ya MCA, alikamilisha ununuzi wa PolyGram kwa zaidi ya dola bilioni 10, na miezi iliyofuata ilikuwa ya kufukuza wafanyakazi na kuvunja mikataba ya bendi nyingi. Msanii wa mwaka 1999 alikuwa akijipendekeza kwa watu wachache wenye nguvu nyingi, akiiwakilisha kampuni ambayo haikuwa na hakika ni nani atakuwa bado na dawati mwezi ujao.

Pia ipo hesabu ya fedha, ambayo haisimuliwi kwa sababu inaharibu picha ya shujaa. Wimbo uliorekodiwa una haki mbili ndani yake: haki ya utunzi na haki ya rekodi. Katika mikataba ya kawaida ya wakati ule, mwimbaji alipewa fedha za awali, na fedha hizo pamoja na gharama za studio, sehemu ya gharama za video na msaada wa ziara zilikatwa kutoka kwenye mrabaha wake mwenyewe kabla hajaona senti. Wengi waliuza nakala nyingi na kubaki wanadaiwa. Mtunzi yuko mahali tofauti. Sheria ya Marekani ilimpa mtunzi na mchapishaji wake senti 7.1 kwa kila wimbo katika kila nakala iliyouzwa mwaka 1998 na 1999, na makato ya studio hayakuzigusa senti hizo. Isipokuwa, na isipokuwa hii ndiyo yenye mafunzo, mwimbaji aliyetunga nyimbo zake mwenyewe kwa kawaida alifungwa na kifungu kilichoshusha kiwango hicho hadi robo tatu, na mara nyingi kilihesabu nyimbo 10 tu hata kama albamu ina 12. Yaani ukitunga wimbo ukauimba mwenyewe unalipwa pungufu. Ukitunga wimbo uleule ukampa mwingine auimbe, unalipwa kiwango kamili.

Ongeza na hili: redio za kawaida za Marekani huwalipa watunzi wimbo unapopigwa, lakini hazimlipi mwimbaji wala mwenye rekodi. Mwimbaji ndiye anayepanda ndege kwenda kumbembeleza mpanga vipindi, na mtunzi, akiwa amelala nyumbani kwake, ndiye anayelipwa kila wimbo unapopigwa. Alexander alikuwa yote mawili. Alikuwa anajisafirisha mwenyewe ili ajilipe mwenyewe, na katikati ya njia hiyo walikuwapo watu wengi wenye mikono iliyonyooshwa. Sisemi kwamba aliondoka kwa ajili ya fedha. Ninachosema ni kwamba mlango alioupitia ulikuwa umefunguliwa na muundo wa biashara yenyewe, na kwamba kumwita mtu aliyeupitia mlango huo mkimbizi wa biashara ni kutoitazama biashara.

Na alikoelekea kunathibitisha. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2000, Ronan Keating, aliyetoka katika Boyzone, kundi la pop la vijana wa Ireland lililoundwa na meneja, alishika nafasi ya 1 Uingereza kwa wimbo wa Life Is a Rollercoaster, ambao Alexander aliutunga pamoja na Rick Nowels, yuleyule wa mwaka 1989. Mwaka 2001 Sophie Ellis-Bextor alifika nafasi ya 2 kwa Murder on the Dancefloor, aliotunga naye. Mwaka 2002 Santana na Michelle Branch walitoa The Game of Love, ambao ulifika nafasi ya 5 Marekani na kushinda tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Katika wimbo huo Alexander alijiandikisha kwa jina la Alex Ander, kana kwamba hata orodha ya watunzi ilikuwa jukwaa linalohitaji kofia. Mwaka 2004 ilitoka albamu ya Hanson, ndio, Hanson wale wale wa dakika ya mwisho, ikiwa na wimbo waliotunga pamoja naye.

Hapo ndipo simulizi ya utakatifu inapopasuka. Mtu anayeichukia pop ya kiwandani haendi moja kwa moja kwa mwimbaji wa zamani wa Boyzone. Alexander hakuikataa pop, aliipenda. Alikuwa na sikio la kiitikio ambalo watunzi wengi wangetoa mkono wapate. Alichokataa ni kuwa bidhaa, na hilo ni jambo dogo na la kweli zaidi kuliko mapinduzi. Joni Mitchell, mwimbaji na mtunzi wa Canada ambaye ana historia yake ndefu ya kuichukia biashara hiyo, aliwahi kuusifu sana wimbo wa You Get What You Give, na aliposikia kwamba mwimbaji wake amejitoa alizidi kumpenda. Naelewa kwa nini. Lakini Mitchell alijitenga na kampuni pamoja na nyimbo zake, wakati Alexander alijitenga na kampuni akiziachia nyimbo zake ziendelee kuingia humo bila yeye.

Sasa tuje kwenye hasara. Sikiliza Life Is a Rollercoaster mara tu baada ya You Get What You Give. Mifupa ni ileile: mwendo ule wa kusukuma mbele, kiitikio kinachofunguka juu kama dari limeondolewa, maneno ya kumwambia mtu asikate tamaa. Lakini Keating anaimba kama mtu ambaye hajawahi kuikata. Kila kitu kiko mahali pake na hakuna kinachohangaika. Bima ya afya haimo, benki hazimo, na dakika tano zimekuwa chini ya nne. Wimbo ni mzuri, unauzika, na mtu aliyeutunga hayumo ndani yake. Hicho ndicho kilichopotea mwaka 1999: ule mchanganyiko wa utamu na ukorofi uliokuwa unatokea pale mtunzi hodari alipoimba kwa sauti yake isiyo kamilifu. Mtunzi anaweza kumkabidhi mtu kiitikio, lakini hawezi kumkabidhi kinyongo chake.

Mtunzi asiye mwimbaji hupoteza pia uamuzi wa mwisho. The Game of Love ilirekodiwa pia na Tina Turner, sauti ambayo ingeufanya wimbo ule kuwa kitu kingine kabisa, lakini iliyotolewa ni ya Michelle Branch, na ya Turner ikakaa kabatini hadi mwaka 2007. Branch aliuimba vizuri na Grammy ilikuja. Hata hivyo, ni ukumbusho kwamba aliyekwepa watu wa redio hakuwakwepa wenye kuamua; aliwahamishia tu chumba kingine ambako yeye haitwi.

Danielle Brisebois, ambaye husahaulika katika simulizi hii kwa sababu hakuwa na kofia, alifuata njia ileile na pengine kwa utulivu zaidi. Ni miongoni mwa watunzi wa Unwritten, wimbo wa Natasha Bedingfield wa mwaka 2004. Mwanzoni mwa mwaka 2024 jambo la ajabu lilitokea: Unwritten ilirudi katika chati baada ya kutumika katika filamu ya vichekesho vya mapenzi, na Murder on the Dancefloor ikarudi hadi nafasi ya 2 Uingereza baada ya kusikika mwishoni mwa filamu ya Saltburn, ikaingia pia katika chati kuu ya Marekani kwa mara ya kwanza. Watu wawili wa kundi lililodumu kwa albamu moja walikuwa na nyimbo mbili redioni kwa wakati mmoja, robo karne baada ya kuvunjika, na wasikilizaji wengi hawakujua kwamba zina uhusiano wowote. Kama huko ndiko kuacha muziki, wapo waimbaji wengi wanaoendelea na kazi ambao wangetamani kuacha namna hiyo.

Mara chache alizojitokeza tena ni za tukio maalumu, si za ziara. Yeye na Brisebois walikuwa miongoni mwa watunzi wa Lost Stars, wimbo wa filamu ya Begin Again, ulioteuliwa kuwania Oscar ya wimbo bora mwaka 2015. Tarehe 20 Januari 2021 New Radicals walipiga wimbo wao mkubwa kwa njia ya televisheni katika sherehe za kuapishwa kwa Joe Biden, kwa sababu mtoto wake Beau, aliyefariki kwa saratani mwaka 2015, aliupenda na familia iliuchukua kama wimbo wa kuwatia nguvu wakati wa ugonjwa wake. Kuna kejeli ndani ya hilo ambayo nisingependa kuisukuma mbali: wimbo uliomalizia kwa kuzishambulia kampuni za bima na mabenki ukawa wimbo wa sherehe ya ikulu. Lakini kwa familia ile maana ya wimbo ilikuwa katika sauti inayohangaika kupanda, na kwa hilo walikuwa wameusikia vizuri kuliko magazeti ya mwaka 1998.

Agosti 2024, wakati wa kampeni ya Kamala Harris, New Radicals walitoa rekodi mbili, za kwanza tangu walipovunjika: Lost Stars na Murder on the Dancefloor, safari hii kwa sauti ya Alexander mwenyewe. Ya pili ina historia, kwani amewahi kusema kwamba wimbo huo ulikuwapo tangu miaka ya tisini na kwamba aliufikiria kuwa wa kutambulisha kundi badala ya You Get What You Give. Tumekuwa tukijiuliza albamu ya pili ingekuwaje, na hapa tumepewa kipande chake. Anauimba kwa nguvu, kwa ile sauti ya kukwaruza, akiusukuma kila mstari kana kwamba kuna mtu anataka kumnyang'anya kipaza sauti. Ellis-Bextor aliuimba bila kukunja uso, kwa ubaridi wa mtu anayetoa kitisho huku akirekebisha glavu zake, na ubaridi huo ndio uliokuwa ukihitajika. Rekodi yake ni bora kuliko ya mtunzi, kwa mbali. Mtu mwenye sikio kama la Alexander asingeweza kutolijua hilo mwaka 2001, na ndiyo maana alimpa Ellis-Bextor.